Mpira wa Breki ya Mbele

Bertila anasema Timoth alikuwa amelewa ulanzi. Anasimulia hivyo bombani, anasimulia hivyo kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na kila akisimulia anaongeza kidogo: kwamba pikipiki iliteremka kwenye msitu wa misindano ikiyumba huku na huku, kwamba Bibi Konsolata, aliyekuwa amepakiwa nyuma, alikuwa akilia, "Punguza, mwanangu, punguza", kwamba Timoth alicheka. Kicheko amekiongeza juzi.

Hulda, mke wa Timoth, humsikiliza jirani yake mpaka mwisho, kisha hujitwika ndoo yake na kuondoka. Siku ya ajali Bertila alikuwa sokoni Makambako, ameketi mbele ya mafungu yake ya njegere, meza ya pili kutoka kwa Hulda, tangu asubuhi mpaka habari ilipowafikia. Na Timoth hajaonja ulanzi tangu kipaimara. Lakini Bibi Konsolata amezikwa, Timoth yuko mahabusu Njombe, na hakuna anayemuuliza Bertila siku ile alikuwa wapi.

Aliyoyasema Timoth mwenyewe ni mafupi. Manyunyu. Lori la mbao limesimama konani, halina hata tawi la kuonya nyuma yake. Alikanyaga breki ya mguu, tairi la nyuma likateleza, pikipiki ikalala ubavu na kusota hadi chini ya mbao. Breki ya mbele hakuigusa. Asingeweza kuigusa hata kama angetaka. Ilikuwa imefungwa.

Kijiwe chao chote cha bodaboda wamefunga. Mtu akijiunga, siku ya kwanza kabisa, Marcelino mwenyekiti anachonga kijiti, anakipachika kati ya mshiko na mkono wa breki ya mbele, kisha anakizungushia ukanda wa tyubu kuukuu hadi panakuwa pagumu kama mfupa. Wenzake wanapiga honi. "Hii ndiyo inayoua," Marcelino humwambia mgeni. "Ukiibana hii inakurusha kama gunia la viazi. Wewe tumia mguu." Timoth alifungiwa hivyo miaka mitatu iliyopita, na jioni ile alirudi nyumbani akimwonyesha Hulda ule mpira kama mtu aliyevishwa pete.

Kituoni polisi, afande wa upelelezi alitoa cheti cha Timoth kwenye bahasha ya kaki akakiweka mezani mbele ya Hulda. Kilikuwa kimewekwa plastiki. Pembe moja ilikuwa na tope lililokauka.

"Soma, mama."

Hulda alisoma polepole, kidole chini ya maneno, kama alivyozoea tangu darasa la pili. Mafunzo ya usalama kwa waendesha pikipiki wapya na wazoefu. Siku tatu. Matumizi ya breki zote mbili kwenye barabara yenye utelezi. Chini yake, jina la mume wake limeandikwa kwa wino wa bluu.

"Hiki kilikuwa mfukoni mwake," afande alisema. "Sasa mtu ambaye hajafundishwa, unaweza kusema hakujua. Huyu amekaa siku tatu anafundishwa breki ya mbele. Akatoka hapo, akaendelea kuifunga. Na abiria amekufa. Wewe ungekuwa hakimu, ungesemaje?"

"Haikuwa siku tatu, afande."

"Ilikuwa ngapi?"

"Asubuhi moja."

"Umejuaje?"

"Nilipika chai."

Afande alimtazama, si kwa ubaya. Alikirudisha cheti kwenye bahasha, taratibu, asije akavunja pembe. "Mama, chai siwezi kuiandika peke yake. Niletee barua ya walioendesha mafunzo. Au hata mtu mmoja aliyekuwepo, mwenye cheti kama hiki, aje aandike maelezo. Mmoja ananitosha. Kesi inatajwa Alhamisi."

Jumanne alipanda gari kwenda Njombe. Timoth aliletwa mbele ya wavu, mkono wa kushoto umefungwa kwa kitambaa shingoni, midomo imepasuka kwa baridi. Alimsikiliza, kisha kwa mara ya kwanza tangu ajali uso wake ukafunguka.

"Mmoja tu?"

"Amesema mmoja anatosha."

"Basi imekwisha. Marcelino ni ndugu yangu kabisa. Na mratibu wa mafunzo ananikumbuka, siku ile gari lake lilikwama nikalisukuma mimi." Akacheka kidogo, akashika mkono wake unaouma. "Nenda, Hulda. Ni kuwaambia tu."

Bahati ilikuwa kwamba Jumatano mafunzo yalirudi Makambako, uwanja uleule wa shule, na mratibu Stanley alikuwa ameshampigia Hulda simu aje apike tena. Alifika alfajiri na kuni zake. Akabandika maji kwenye mafiga yaleyale, bado yana masizi ya mara ya kwanza.

Ile mara ya kwanza aliikumbuka yote, maana kazi ya chai ni kumimina na kungoja, na anayengoja anaona. Mkufunzi alikuwa mwanamume mfupi aliyekuja na glavu zake mwenyewe za ngozi. Alipanga koni za rangi ya chungwa uwanjani, akapita akikagua pikipiki moja moja, akishika ile mipira ya tyubu kwa vidole viwili. "Kesho tunaifungua yote hii," alisema. "Nitawaonyesha polepole, kwenye majani, mpaka kila mmoja aizoee. Asiondoke mtu." Marcelino aliguna, watu wakacheka. Saa sita mratibu Stanley alifika na mpiga picha na sanduku la vyeti. Akaongea na mkufunzi pembeni. Mkufunzi alivua glavu zake, akaziokota koni, hakuaga mtu. Kesho yake Hulda alipokuja kupika alikuta mbuzi tu uwanjani.

Safari hii mkufunzi hakuwepo kabisa. Koni zilikuwepo.

Alingoja mratibu amalize kikombe cha kwanza.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba, dada Hulda. Nimesikia. Pole sana, sana. Timoth alikuwa kijana mzuri."

"Yupo bado."

"Eh, yupo. Namaanisha yupo."

Hulda alimweleza habari ya barua, maneno machache, kama alivyokuwa ameyapanga njia nzima kutoka Njombe: kwamba mafunzo yalikuwa asubuhi moja, na kwenye breki ya mbele hawakufika. Mratibu alimsikiliza akitikisa kichwa kwa huruma. Kisha akafungua faili lake, akafunua karatasi ya malipo ya chai, akaligeuza upande wa Hulda.

"Hii sahihi ya nani?"

HULDA, siku ya kwanza. HULDA, siku ya pili. HULDA, siku ya tatu. Herufi kubwa, za darasani, zilizoegemea kushoto. Aliikumbuka ile saa: mikono yake ilikuwa na mafuta ya maandazi, mratibu akamshikia karatasi, akasema saini hapa, na hapa, na hapa, ni utaratibu tu.

"Sikusoma."

"Umemaliza la saba, dada. Kusoma unajua." Sauti yake haikupanda. "Mimi sikutishi. Nakupa akili tu. Ukienda kule ukasema asubuhi moja, wa kwanza kuulizwa ni wewe. Chai ya siku mbili ulimpikia nani?"

Aliufunga ukurasa, akainua kikombe. "Sukari leo umeipatia," alisema.

Uwanjani wapya na wazoefu walikuwa wanapangwa mistari minne mbele ya bango. Hulda alikwenda huko na birika mkononi, kwa sababu mwenye birika hazuiwi. Wengi aliwajua. Walikula kwake pilau ya ubatizo.

"Shem, umetuletea chai hadi kwenye picha," mmoja alitania.

"Kamwene," Hulda aliwasalimu.

"Kamwene," wakaitikia, na vicheko vikaisha, maana walimwona uso.

"Naomba mtu mmoja. Siyo mahakamani. Ni kwa afande tu, hapo polisi, akaandike kwamba mara ile tuliondoka saa sita. Neno jingine asiseme. Afande amesema mmoja anatosha. Wa kwenda na mimi anyooshe mkono."

Manyunyu yalianza. Wapya waliwatazama wazoefu. Wazoefu walimtazama Marcelino, na Marcelino alikuwa anakitazama kiatu chake.

"Shem," alisema hatimaye, "bila hiki cheti hatupangi foleni stendi. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Nikisema kile cha Timoth ni cha asubuhi moja, na changu ni cha nini? Na cha huyu? Vyote vinakufa. Nina watoto wanne."

"Nawajua kwa majina. Wewe ndiye uliyemfungia ule mpira, Marcelino."

"Hata mimi nilifungiwa," Marcelino alisema.

Mpiga picha alikuwa tayari amewapiga na vizibao vya kung'aa, kisha akawabadilisha, akawapiga na kofia ngumu. Sasa kofia zilikuwa zinarudishwa kwenye buti la gari, moja moja, na mratibu anagawa vyeti kutoka sandukuni. Wino wa vingine ulikuwa haujakauka. Watu walivishika kwa ncha za vidole.

"Mama, sogea kidogo, unaziba bango," mpiga picha alimwambia.

Hulda akasogea, hatua mbili.

"Kesho saa tatu asubuhi," aliwaambia. "Nitakuwa pale getini polisi tangu saa mbili. Mmoja tu. Naombeni mkono, nijue nani wa kumngoja."

"Haya, ndugu zangu," mpiga picha alisema. "Hii ndiyo ya siku ya tatu. Vyeti juu."

Mikono yote ikanyooka. Arobaini na kitu, wapya kwa wazoefu, na wa Marcelino katikati, juu kuliko yote, kwa kuwa ni mrefu. Nyuma yao pikipiki zilikuwa zimepangwa kwenye majani yaliyolowa, kila moja na fundo lake jeusi kwenye mshiko wa kulia.

"Juu zaidi," mpiga picha alisema.

Wakanyoosha zaidi. Hulda alisimama pembeni na birika linalopoa, akipitia uso baada ya uso, akingoja.