Jana Hatukula

Swali la kumi na saba ndilo lililomtia matatani Lorna Mokeira, naye hakuwa mtu wa matata. Tangu asubuhi alikuwa akipanda na kushuka vilima vya Ikonge, akiwauliza wachuma chai wanavyoishi leo na wazazi wao walivyoishi zamani. Utafiti ulikuwa wa historia ya uchumi, na wakubwa walitaka kujua kama maisha yamepanda. Walitaka sana yawe yamepanda.

Mama Tryphosa alimjibu akiwa kwenye kigoda, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai. Marehemu mamake alikula ugali wa wimbi kila jioni, mwaka nenda mwaka rudi. Na yeye je, swali la kumi na saba, jana alikula mara ngapi?

"Jana hatukula," alisema.

Maganda ya ndizi za kuchemsha yalikuwa bado mlangoni. Mgeni angemwona mwongo. Lorna, mzaliwa wa Nyaramba, huko huko Ukisii, alielewa mara moja: kwa Mkisii, bila ugali hujala. Ndizi na chai ni za kudanganya tumbo tu, na bei ya gorogoro, kile kikopo cha kupimia mahindi, siku hizi haishikiki. Akaandika sifuri kwenye fomu ya simu ya kazi, ndizi akazitaja pembeni, akashukuru, akaenda zake.

Alasiri, mjini Nyamira, msimamizi wake Ondieki alimwita ofisini. Sifuri ile haitapita, akamwambia. Ndizi ya asubuhi na ndizi ya jioni ni milo miwili. Abadilishe, la sivyo mkataba wake hautaongezwa. Lorna aliutaka mkataba ule kweli kweli, maana shahada yake ilikuwa imelala sandukuni mwaka wa tatu. Lakini aliijua kazi ya hiyo mbili kwenye ripoti: mama alikula mara moja, binti anakula mara mbili, basi maisha yamepanda. Akamuuliza:

"Na wewe bosi, leo umekula?"

"Nikule saa ngapi, Lorna? Tangu asubuhi niko tu na fomu zenu."

Alisema hayo akipangusa makombo ya andazi la pili kwenye tai. Ndipo akayasikia maneno yake mwenyewe. Ondieki naye ni Mkisii, mzaliwa wa Kenyenya. Akamsogezea simu ya kazi polepole.

"Mimi najua. Wenye utafiti hawajui. Weka mbili."

"Weka wewe," Lorna alisema, akachukua mkoba wake. "Na pale pa jina la aliyeuliza, uandike Ondieki."