Makopo ya Mama Dumuzi

Barua ya mwaliko ilifika Jumatatu asubuhi, na jina lililokuwa juu yake halikuwa lake.

Aliisoma akiwa kwenye foleni ya maombi ya viza. Kwapani alibana bahasha yenye picha mbili za pasipoti, cheti cha kuzaliwa, na pasipoti yenyewe, mpya, haijawahi kugongwa muhuri hata mmoja. Karani wa dirishani alimwambia wiki iliyopita kwamba kilichobaki ni barua tu kutoka kwa wenye mkutano. Basi ndiyo hiyo imefika, akaifungua kwenye simu ili aiandae. "Tunayo furaha kumwalika Profesa..." Akarudia kusoma. Akashuka hadi chini, akapanda tena juu, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko alioshaupekua. Mwisho kabisa walieleza kwa adabu kwamba msimamizi wake amewaarifu kuwa mwanafunzi hataweza kusafiri kwa sababu za kifamilia, na wanaitakia familia yake kila la heri.

"Dada, unasogea au husogei?" aliuliza mtu wa nyuma yake.

Akatoka kwenye foleni. Familia yake ilikuwa mama mmoja, fundi cherehani, mzima wa afya, ambaye saa hiyohiyo alikuwa anamalizia kumshonea suti ya safari. Sababu za kifamilia! Mtu akuibie, halafu akusingizie na msiba juu yake.

Ili uelewe kwa nini damu ilimchemka, lazima kwanza uyajue makopo. Kwenye ghala la chuo, juu ya rafu mbili, kulikuwa na makopo arobaini na nane ya mahindi. Ndani ya kila kopo aliingiza dumuzi mia moja, wale wadudu watoboa mahindi, mmoja mmoja, kwa brashi laini ili asiwavunje miguu. Nusu ya makopo mahindi yalichanganywa na majivu ya kuni, nusu majivu ya magunzi. Swali lake lilikuwa dogo tu: majivu yapi yanazuia dumuzi asile chakula cha watu? Kila baada ya wiki mbili alimwaga kopo kwenye sinia, akachekecha, akahesabu walio hai na waliokufa. Miaka miwili, duru baada ya duru, kila duru na majivu ya aina nyingine. Amekuta dumuzi kwenye nywele, amekuta dumuzi kwenye chai, na siku ya harusi ya kaka yake mmoja alitoka kwenye mkono wa gauni mbele ya wakwe. Watoto wa kaka yake walimbatiza Mama Dumuzi, na chuo kizima kikalidaka jina hilo kikasahau lile la kwenye cheti.

Profesa, msimamizi wake, hakuwahi kulikanyaga ghala hilo. Alisema kifua chake hakipatani na vumbi. Kazi yake ilikuwa kuwaambia wageni, "Ukiona vyaelea, vimeundwa," huku akijigonga kifuani, kifua hichohicho.

Sasa, palikuwa na kosa, na kosa lilikuwa la Mama Dumuzi mwenyewe. Namba za makopo aliziandika kwenye vifuniko. Nani mwenye akili timamu anaandika namba kwenye kifuniko, kitu kinachotoka? Wiki ya kwanza ya duru ya mwisho, Bi Funguo, mtunza ghala, aliona vifuniko vimejaa vumbi la majivu. Kwa huruma zake akavivua vyote, akaviosha kwenye beseni moja, akavianika, akavirudisha. Vya kuni vikaenda kwenye magunzi, vya magunzi kwenye kuni. Majivu ni majivu, kwa macho huwezi kuyatofautisha, kwa hiyo miezi minne mizima alihesabu kwa makini kabisa na kuandika uongo mtupu. Mchoro aliompelekea Profesa wakati huo ulionyesha kwamba majivu ya magunzi ndiyo kiboko ya dumuzi.

Ukweli aliupata mwezi wa tano wa duru hiyo, Bi Funguo alipomwambia tu katika mazungumzo, "Siku ile nilivyoviosha hivi vifuniko vyako, kuvipanga nilipata kazi!" Bahati yake, siku ya kujaza makopo aliandika kwa penseli kwenye kitako cha kila kopo: K kwa kuni, G kwa magunzi. Akayapindua yote arobaini na nane, akarekebisha kila hesabu. Majivu ya kuni ndiyo yaliyoua. Kwenye magunzi dumuzi walikula, wakaoana, wakapata wajukuu. Mchoro sahihi alimtumia Profesa mara mbili kwa barua pepe, na mara ya tatu akausukuma chini ya mlango wake ukiwa umechapwa.

Kutoka kwenye foleni ya viza alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Profesa.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, binti yangu. Kaa."

Hakukaa. "Nimeona barua ya mwaliko."

"Aa, hiyo." Profesa aliegemea kiti. "Nilitaka nikuambie mwenyewe. Unajua, kule wanataka mtu mwenye uzito. Wewe bado mdogo, mikutano ipo mingi, utakwenda mpaka uchoke. Na jina lako nimeliweka, lipo la pili."

"Muhtasari niliuandika mimi. Walinikubali mimi. Na umewaambia nina matatizo ya kifamilia."

"Ni lugha tu ya kiungwana."

Ndipo macho ya Mama Dumuzi yakaangukia kwenye kompyuta. Slaidi ya sita ilikuwa wazi, na juu yake ulikuwa mchoro wa zamani, ule wa uongo, umepakwa rangi mpya ya kupendeza. Majivu ya magunzi yalikuwa juu kama mfalme.

"Profesa, huo mchoro..."

"Mchoro nimeushughulikia."

"Lakini huo sio..."

"Binti, nimesema nimeushughulikia." Aliinua kiganja. "Tatizo lenu vijana hamjui kunyamaza. Alhamisi nafanya mazoezi mbele ya idara. Uje unibonyezee slaidi. Na uvae vizuri."

Mama Dumuzi alitoka nje akiwa na hasira, na alipofika kwenye ngazi akagundua kuwa ndani ya hasira ile kulikuwa na kitu kitamu. Hajaufungua! Mchoro sahihi ametumiwa mara tatu na hajaufungua hata mara moja. Basi aende nao. Apande jukwaani mbele ya wataalamu wa dunia nzima na uzito wake, mtu wa kwanza atakayemuuliza swali la maana amvue nguo hadharani. Mama Dumuzi atakuwa nyumbani, amekaa, anakula karanga.

Nyumbani alimkuta mama yake ameinamia cherehani, suti ya bluu imebakiza vifungo. Alimweleza yote, na kadiri alivyoeleza sauti ilipanda.

"Hasira hasara, mwanangu," mama alisema, pini zikiwa mdomoni.

"Hasara nimeshaipata, mama. Niache nibaki na hasira, maana hiyo hawezi kuniibia."

Mama alizitoa pini moja moja akazitia kwenye kijaluba chake cha pini. "Na asipoulizwa je?"

"Ataulizwa."

"Wakubwa wanaulizwa? Atapigiwa makofi, atarudi, wataandika kwenye gazeti majivu ya magunzi ndiyo dawa. Mama yako mdogo ana mapipa sita ya mahindi. Akisikia wasomi wamesema magunzi, ataweka magunzi. Kisha mwezi wa nne aje alie hapa kwangu, na karatasi ina jina lako, la pili."

Hilo hakuwa amelifikiria, na lilimuudhi kuliko yote, kwa sababu lilimnyang'anya hata ule utamu mdogo alioupata kwenye ngazi. Aliichukua suti, akaipima, ilimkaa barabara. Akaivua akaitupa kitandani.

Idara ile ilikuwa na desturi moja ya zamani. Hakuna anayesafiri kwenda kuwasilisha utafiti kabla ya kuuwasilisha kwanza nyumbani, na siku hiyo yeyote aliyemo ukumbini ana haki ya kuuliza, awe mhadhiri au aliyekuja kufuta ubao. Maswali yakiisha, Mkuu wa Idara anasaini fomu ya safari palepale. Mkuu wa wakati huo alikuwa mama mmoja mfupi wa maneno machache, na fomu ya Profesa ilikuwa mezani kwake, kalamu juu yake.

Alhamisi Mama Dumuzi alivaa suti ya bluu. Alikaa kwenye kompyuta akabonyeza slaidi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Profesa aliongea vizuri, hilo tusimnyime. Alisema "nilihesabu". Alisema "nilichekecha". Alisema "usiku nilikuwa nawaota hawa wadudu," na watu wakacheka, na Mama Dumuzi akahisi uso unamuwaka, kwa sababu maneno hayo aliyaandika yeye kwenye barua ya maombi. Ilipofika slaidi ya sita Profesa alinyoosha kijiti kwenye mchoro, akatangaza ushindi wa majivu ya magunzi. Makofi.

"Maswali?" aliuliza Mkuu wa Idara.

Mama Dumuzi alisimama. Profesa alimtazama kama mtu aliyesikia kiti kikiongea.

"Profesa, kopo la kumi na saba lina majivu gani? Na tunajuaje?"

"Magunzi. Imeandikwa kwenye kifuniko. Makopo hayo nimeyasimamia mwenyewe, siku hadi siku."

"Vifuniko vilichanganyika wiki ya kwanza. Kopo la kumi na saba ni la kuni. Mchoro huo umegeuka juu chini, na uliorekebishwa nimekutumia mara tatu. Kosa ni langu, namba niliziandika kwenye vifuniko."

Profesa hakubabaika hata kidogo, na hapo ndipo Mama Dumuzi alipomchukia kikweli. Profesa aligeukia watu akatabasamu kwa masikitiko.

"Mmemsikia wenyewe, amekiri uzembe. Hii ndiyo sababu niliona niende mimi. Mtu hawezi kutunza vifuniko, atatunza heshima ya chuo?"

Watu kadhaa walitikisa vichwa, wakimhurumia Profesa. Mama Dumuzi hakuwa amelitaja jina la mtu mwingine, na hakukusudia kulitaja. Lakini funguo zililia mlangoni. Bi Funguo, aliyekuja kufungua ukumbi akabaki kusikiliza, alikuwa amesimama, na mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi huohuo.

"Vifuniko nilivichanganya mimi," alisema. "Niliviosha. Huyu mtoto hakunitaja kwa mtu. Alipojua, alishinda kwenye sakafu siku mbili anapindua kopo mojamoja, kwenye vitako ameandika. Nilimmulikia kwa tochi."

"Mama, hayo ni mambo ya kitaalamu," alisema Profesa.

"Ni mambo ya makopo," alisema Bi Funguo.

Mkuu wa Idara aliinuka, akachukua fomu na kalamu yake. "Tunabishana nini, makopo si yapo? Twendeni tukayapindue. Profesa, tangulia."

"Bila shaka," alisema Profesa, akaweka kijiti chini, akatoka kwa mwendo wa mtu mwenye uzito. Idara nzima ikamfuata hadi barazani.

Akakata kulia.

Ghala liko kushoto, nyuma ya tangi la maji, hatua arobaini tu. Mama Dumuzi amezihesabu, amezipita na jua na mvua kwa miaka miwili. Aliwaona watu wakisita mmoja mmoja, wale wanaolijua ghala na wale wanaoona tu wenzao wamesimama. Bi Funguo alifungua mdomo kumwita Profesa. Mkuu akainua kidole kumzuia.

Profesa alikwenda mpaka mwisho wa baraza, peke yake, bila kugeuka. Alisukuma mlango wa mwisho, ukafunguka. Sauti yake ikatoka ndani, ya furaha kabisa.

"Makopo ndiyo haya hapa! Njooni muone!"

"Hayo ni ya rangi," alisema Bi Funguo taratibu. "Ya kupaka madarasa."

Hakuna aliyecheka. Mama Dumuzi alidhani angecheka, alishajiandaa tangu Jumatatu, lakini alichohisi ni hasira ileile, nzito zaidi, kwa sababu sasa aliona jinsi ilivyokuwa rahisi. Miaka miwili, na hakuna aliyewahi kumuuliza yule mtu mlango uko wapi.

Mkuu wa Idara aliiweka fomu kwenye ukuta wa baraza, akalikata kwa mstari jina la Profesa. Akashika kalamu juu ya nafasi iliyobaki, akasita, akamtazama mwanafunzi aliyekuwa idarani kwake miaka miwili.

"Samahani, binti. Jina lako hasa ni nani?"

Alinyoosha mkono akaichukua kalamu mwenyewe. Aliandika majina yake yote matatu, kwa nguvu, mpaka karatasi ikatoboka.