Pudini Kwanza

Mavis Holroyd alikanyagwa mguu mlangoni mwa mgahawa, na yeye ndiye aliyeomba radhi. Aliyemkanyaga naye akaomba radhi, kisha mke wa yule bwana akawaombea radhi wote wawili, na mambo yakaishia hapo. Gillian, bintiye, alikuwa ameshatangulia ndani. Alisimama penye kibao kinachowataka watu wasubiri kuonyeshwa meza, ingawa meza tupu zilikuwa tele mpaka dirishani.

Ilikuwa Jumapili mchana, baada ya ibada. Mgahawa wenyewe unaitwa Kondoo Aliyelala, uko njiani ukishuka kutoka kanisa dogo la Kimethodisti, katika mji mmoja wa vilima huko Yorkshire uliokuwa na viwanda vya sufu zamani. Mavis na mumewe Arnold walikuwa wakila hapo kila Jumapili tangu Gillian alipoolewa akahamia kusini. Arnold alizikwa mwezi wa pili, theluji ikiwa bado haijayeyuka makaburini. Sasa siku zilikuwa zimerefuka, maua yametoka kwenye nyua za watu, na Mavis alikuwa hajakanyaga tena pale.

Hakulia msibani, na hakulia baadaye. Wenzake wa kanisani walimsifu kuwa ni mama shupavu. Mwenyewe alijua si ushupavu. Ilikuwa kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi: unauona, ni wako, ila ukiufinya hausemi kitu. Asubuhi aliamka, akachemsha chai, akajikuta amejaza vikombe viwili, akamwaga kimoja, akaosha vyombo, akasali. Hata sala aliitamka tu ilivyo, akimwachia Mungu ajaze mwenyewe yaliyopungua.

Katika hali hiyo ndipo Gillian alipompigia simu kuhusu nyumba. Alisema nyumba ni kubwa mno kwa mtu mmoja, ngazi zake ni kali, na yeye akiwa mbali halali usiku akiwaza mama ameanguka na hakuna wa kumwinua. Kwake kusini kulikuwa na chumba cha chini kinachoangalia bustani. Mavis akamjibu kwamba sawa, ni vizuri. Alipopigiwa tena kuulizwa kama dalali aje, akajibu hivyo hivyo. Basi dalali alikuwa anakuja kesho yake asubuhi, kuipiga nyumba picha na kuitangaza, na Gillian alikuwa amepanda treni aje awepo. Na kama wafanyavyo watu wa kule wakiwa na jambo zito la kusema, alimtoa mama yake wakale nje.

Mhudumu akaja, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kufika jikoni bila kutumwa mtu. Jina lake, Lorraine, lilikuwa limebandikwa kifuani. Kwake kila mteja alikuwa kipenzi, hata yule mzee wa meza ya pembeni aliyekuwa akimnung'unikia.

"Haya, vipenzi vyangu, niwakalishe wapi? Dirishani? Mkae dirishani mwone mvua vizuri."

Mgahawa ulikuwa na wenyewe wapya. Zulia la maua lilikuwa limeng'olewa, kuta zimepakwa rangi ya majivu. Wote wawili waliagiza nyama ya ng'ombe ya kuokwa, na ilipokuja ilikuja juu ya ubao, viazi vimepangwa kimoja kimoja, mchuzi kwenye kikombe kidogo mfano wa vile vya kuchezea watoto. Mavis alimsikia Arnold kichwani akiuliza kama sahani zimeibiwa. Lakini hilo Arnold angeliuliza garini. Mbele ya mhudumu alikuwa na jibu lake moja, nzuri sana, asante. Kesi ilikuwa ikisomwa garini, na mpishi alihukumiwa kabla hawajafika kwenye taa za barabarani. Siku moja alikuta plasta ya kidonda ndani ya njegere. Akaisogeza ukingoni mwa sahani, akaifunika kwa jani la kabichi ili mhudumu asije akaona haya, akaendelea kula.

Pembeni ya nyama kulikuwa na pudini. Ni kitu cha unga, mayai na maziwa, huokwa kikaumuka na kubaki na shimo katikati kama bakuli. Siku hizi kila mtu huiweka pamoja na nyama. Wazee wa kule walikuwa wakiila kwanza, peke yake, imefurika mchuzi, ili tumbo lishibe na nyama kidogo ya nyumba iwatoshe watu wengi. Nyama ilikuwa imeacha kuwa haba zamani, lakini Arnold hakubadilika. Nyumbani kwake nyama haikuwekwa mezani mpaka pudini iishe, na kabla ya pudini ilikuwa sala, fupi, ameinamisha kichwa huku ameshika uma tayari.

Mavis aliweka mikono mapajani akangoja. Gillian akaanza kula. Baada ya muda Mavis naye akachukua kisu.

Lorraine alirudi vinywa vyao vikiwa vimejaa chakula. Wahudumu wa kule wana kipaji hicho.

"Kila kitu sawa, vipenzi?"

Gillian akaziba mdomo kwa kiganja, akatabasamu kwa macho. "Nzuri sana, asante."

"Nzuri sana, asante," akasema Mavis.

Lorraine alipogeuka tu, tabasamu la Gillian likaanguka. Akainama mezani na kuanza kunong'ona kwamba nyama yake ni ya baridi katikati, pudini imeungua chini, na mchuzi wenyewe hautoshi kulowesha kidole. Akauliza ya mama yake ikoje. Mavis hakujua ya kwake ikoje. Tangu mwezi wa pili chakula chote kilikuwa kimoja, alitafuna kwa sababu ni saa ya kutafuna. Akagusisha kipande mdomoni, kama mtu anavyopima maji ya kumwogesha mtoto.

"Baridi," akasema.

"Baridi kama mai—" Gillian akakatisha, akanywa maji. "Samahani, mama. Nikifika nyumbani nawaandika mtandaoni. Nawapa nyota moja. Na hiyo moja ni ya choo, kwa kuwa nilikikuta kisafi."

"Mbona hukumwambia huyu dada?"

"Nimwambie hapa? Mbele ya watu?" Gillian alimtazama kama vile amemshauri apande juu ya meza. "Mama, usianze vurugu. Kula tu."

Wakala. Nje mvua ilikuwa ikiteremka kwenye kioo. Gillian akaanza kueleza habari za kesho, sauti yake laini, ile ya kuzungumza na mgonjwa. Dalali ni kijana mstaarabu. Chumba cha chini wamekipaka rangi ya malai, ile ya maziwa mazito. Karibu na kwao kuna kanisa pia, si la Kimethodisti lakini watu wake ni wema, na wana kikundi cha kufuma sufu. Alisema yote hayo akikatakata kiazi bila kukila, na Mavis akaona kwamba mwanawe ameanza kuwa na mistari pembeni mwa macho. Hakuwa na tamaa ya nyumba, huyu. Alikuwa anaogopa tu.

"Kwa hiyo kesho uko sawa nayo?" Gillian akauliza. "Uko sawa kabisa?"

"Niko sawa, mwanangu. Ni vizuri sana."

Gillian akashusha pumzi, akamshika mkono. Hapo ndipo Mavis alipohisi kitu, na hakikuwa kikubwa. Alihisi mashavu yake. Yalikuwa yamekaa vile vile yalivyokaa Lorraine alipouliza, yamevutwa juu kwa uzi ule ule. Akayaachia polepole, yakashuka. Akatafuta ndani yake kama anataka kuhama. Hakukuta kitu. Akatafuta kama anataka kubaki, kwenye zile ngazi, na kiti cha Arnold, na vikombe viwili. Hakukuta kitu vilevile. Aliikumbuka ile plasta chini ya kabichi, na Arnold akitafuna jirani yake, ameridhika kwamba hakuna aliyeaibika.

Akainua mkono juu.

"Mama, unafanya nini?" Gillian akanong'ona.

Meza ya jirani wakageuka kutazama. Lorraine akaja akipangusa viganja kwenye aproni.

"Samahani, dada," Mavis akasema. Sauti ilitoka ya kawaida, ya mtu anayeuliza basi linapita saa ngapi. "Hii nyama ni ya baridi. Nilikwambia ni nzuri, lakini si nzuri. Naomba irudi jikoni. Na kama inawezekana, niletewe pudini kwanza, peke yake, na mchuzi wa kutosha."

Shingo ya Gillian ikawa nyekundu kuanzia kwenye kola mpaka masikioni. Alikuwa akiitazama chumvi.

Lorraine aliubeba ubao, akaugusa kwa nyuma ya kidole. "Jamani, hii imekufa kabisa. Afadhali wewe umesema, kipenzi. Humu watu wanakula wanasifu, wananiachia na bakshishi, halafu usiku tunajisoma mtandaoni tumechinjwa." Akamgeukia Gillian. "Na yako, mpenzi? Iko sawa?"

"Nzuri sana," akasema Gillian kwa sauti ndogo. "Asante."

Lorraine akamtazama kidogo, akaenda zake. Kutoka jikoni wakamsikia akiuliza nani aliyeokea nyama kwenye friji, na kusema kwamba mama wa dirishani anataka pudini kwanza, kama alivyokuwa akila bibi yake yeye Lorraine, na isiwe imeungua, na mchuzi uje kwenye jagi la kweli.

Gillian alisema, bila kuinua macho, kwamba baba asingefanya hivyo hata siku moja. Mavis akakubali kwamba ni kweli, asingefanya. Pudini ikaja, kwenye sahani safari hii, ikifuka moshi, imefura mpaka imezidi ukingo. Mavis akamimina mchuzi ndani ya shimo lake hadi ukafurika. Kisha akainamisha kichwa, uma mkononi, akasema sala ya Arnold. Aliisema kwa sauti, fupi vile vile, na mwishoni Gillian akaitika amina, kwa mazoea ya utotoni.

Akala kipande. Hakusikia ladha. Alisikia moto ulimini, moto wenyewe tu, ukishuka kooni. Akangoja kama kitakuja kingine. Hakikuja. Akala kipande cha pili.

"Ikoje?" Gillian akauliza.

"Ya moto." Akaweka uma chini. "Gillian, mwambie yule kijana asije kesho."

"Lakini umesema sasa hivi. Umesema vizuri sana, mama, sasa hivi hapa."

"Nilisema. Na kwenye simu nilisema. Na huyu dada nilimwambia nyama ni nzuri."

Uso wa Gillian ukakunjamana, si kwa hasira. Akauliza kama basi mama anataka kubaki peke yake mle ndani, na ngazi zile, mpaka siku jirani aone mapazia hayajafunguliwa. Mavis akamwambia ukweli, kwamba hajui. Hajui kama anataka kubaki wala kama anataka kwenda, hajui hata kama mchuzi huu una chumvi. Labda msimu wa baridi ukifika atajua. Labda atakuja kukaa kwenye hicho chumba cha rangi ya malai na kukipenda. Lakini kwa sasa hajui, na mtu asiyejua asiuziwe nyumba yake.

"Ningekuuliza vizuri," akasema Gillian. Machozi yalikuwa yameanza kumtoka, akawa anayafuta kwa kitambaa cha mezani, haraka, watu wasione. "Nilidhani nakuuliza vizuri."

"Uliuliza vizuri. Mimi ndiye niliyekujibu kama mteja."

Gillian akacheka kidogo katikati ya machozi, kisha akasita, kama mtu aliyekumbuka jambo. "Na Krismasi? Bata mzinga wangu? Kila mwaka unasema nzuri sana."

Mavis akafikiri. "Mkavu, mwanangu. Baba yako alikuwa akimlalamikia garini mpaka tunavuka daraja."

"Miaka yote hiyo?"

"Viazi vyako vizuri, lakini. Hivyo ni kweli."

Gillian akaweka kiganja usoni, mabega yakitikisika, na Mavis hakuweza kujua kama ni kicheko au kilio, pengine na mwenyewe hakujua. Mavis angependa kulia naye. Alijaribu. Macho yalibaki makavu, akamalizia pudini.

Gillian alipotulia alitoa simu kwenye mkoba, akamwandikia dalali, akaionyesha mama yake kabla ya kuituma. Mavis akatikisa kichwa kukubali, kisha, kwa vile kutikisa kichwa nako kulikuwa mazoea tu, akasema, "Ndiyo. Tuma."

Lorraine akafika na nyama, safari hii inatoa mvuke, akaiweka mbele ya Mavis. Akawatazama wote wawili, macho mekundu ya mmoja na uso mkavu wa mwingine, na kama mtu aliyehudumia Jumapili nyingi hakuuliza. Aliuliza lile lake tu.

"Kila kitu sawa, vipenzi?"

Mdomo wa Gillian ukafunguka, tabasamu likaanza kupanda lenyewe. Akamtazama mama yake. Mavis hakumsaidia, alikuwa akikata nyama.

"Hapana," Gillian akasema, na shingo ikaanza tena kuwa nyekundu. "Samahani sana. Samahani. Yangu pia ni ya baridi."

"Haya," Lorraine akasema, akauchukua ubao.

Mavis akaweka kisu na uma chini, ili wasubiri pamoja.