Kuziba Baraza

…matofali, amesema matofali, fundi Msellem kachuchumaa na mwiko mkononi, kainua uso, anangoja, "Mwalimu, baraza nishaiziba, na matofali yale ya kazi gani?", na Mwalimu Himid kasimama kwenye mlango wa uani akijua kwamba jibu ni fupi kabisa, ya ukuta, fundi, ya kuiziba baraza hii mpaka juu kwenye bati asikae tena mtu, ndivyo nilivyokwambia kwenye simu, ila sivyo alivyomwambia, alimwambia nataka unizibie baraza ya uani, basi, neno kaliteua mwenyewe, yeye aliyesomesha Kiswahili skuli ya Wete mpaka akastaafu, aliyekuwa akiwakata watoto maksi kwa neno lenye maana mbili bila kuwaonea haya, na Msellem kafanya alichoambiwa, kaziba kila ufa na kila shimo, saruji imelala laini kama uso wa mtoto aliyetoka kuogeshwa, huna pa kumlaumu, na mbaya zaidi ni wale pale chini, wametandika jamvi lao kwenye kivuli cha ukuta wakingoja pakauke, Bi Mwanakhamis wa nyumba ya pili, na mkamwana wake Safaa, na wenzao, ukili wa mikeka unawatoka mikononi unajikunja mapajani, na tangu asubuhi wanamwombea dua, Mwalimu Mungu akupe, Mwalimu umetuzibia baraza yetu, tulikuwa tunachanika kanga… baraza yetu, wanasema yetu, mwenye baraza yuko chini ya udongo nao wanasema yetu… "Mwache, Msellem," anasema Bi Mwanakhamis bila kuinua macho kwenye ukili, "Mwalimu hajibu hivihivi, hujibu kwa insha, saa hii yumo kwenye utangulizi," na wanacheka, ndicho hasa hicho kicheko, kila siku baada ya sala ya alasiri, kinapanda kutoka barazani na kupenya dirishani, walianza tena mara tu baada ya hitima, alidhani wataona aibu, alidhani watahamia kwa mwingine, wakaja vilevile kama mkewe Moza yumo ndani anatafuta kiberiti atatoka sasa hivi, wakakaa, wakaliacha pengo pale alipokuwa akikaa yeye, pembeni karibu na mlango, halafu wakacheka, na yeye kitandani, mchana mkweupe, mto masikioni… pengo lake halizibiki, walimwambia watu wote msibani, mmoja baada ya mwingine, naye akaitikia kwa kichwa huku akiwaza, Mungu amsamehe, kwamba sentensi ile imechakaa… mwanamke akifiwa ana eda, zinajulikana siku zake, anakaa ndani, anavaa inavyotakiwa, siku ikifika anatolewa, watu wanajua lini wamsemeshe na lini wamwache, mwanamme hakuwekewa kitu, anazika asubuhi, jioni anaulizwa bei ya samaki, basi akajipangia eda yake mwenyewe, ya matofali, ukuta, kimya, hakuona kosa, haoni kosa hata sasa, atamwambia Msellem, pole, fundi, hatukuelewana, kesho uanze kujenga, na wale watasikia, watakunja jamvi, hawatamwambia kitu, watu wa hapa Mgogoni hawasemi, watamwamkia njiani kwa heshima zote, na ndiyo itakuwa basi… "Hebu, mama," Safaa ananong'ona, mnong'ono wa Safaa unafika barabarani, "ile ya rula ilikuwaje?", "Shh, mwenyewe kasimama pale," "Hasikii, mama, mtazame, hayupo," rula, rula gani, na Bi Mwanakhamis anakohoa, anarudisha kanga mabegani, na sauti inayotoka si yake, ni nyembamba, inaburura mwisho wa maneno, Mola wangu, ni yeye, ni Moza mtupu, hata ile pumzi anayoivuta kabla ya neno la utani, "Basi nimelala na kichanga changu ubavuni, Ruweida huyu, mama yangu kaenda Wambaa kuzika, nasikia mume wangu yumo jikoni, kimya, nikajua pana hatari, nachungulia namwona kaitumbukiza rula sufuriani, rula ya skuli, jamani, anapima maji ya wali!", na Mwalimu Himid anauhisi moto wa jiko lile usoni, ni kweli, kumbe alionekana, sentimita mbili na nusu, alifanya hesabu yake vizuri, alipiga mpaka eneo la sufuria, "Ukawa uji. Si wali, uji, tena una moshi. Kaniletea, kakaa mbele yangu, ananitazama kama mtoto anayengoja matokeo ya mtihani. Nikaumeza, wallahi, nikaumaliza, nikamwambia mtamu. Na nitamwambia mtamu mpaka siku nitakayokufa, na atakayemwambia vingine kati yenu nyie sitokuwa radhi naye"… mtamu, alisema mtamu, naye aliamini, miaka yote hii aliamini, aliwahi kumsimulia mwalimu mwenzake kwamba wali si kazi ngumu, ni vipimo tu, na wale kina mama wakimwona anapita wanaficha midomo kwa kanga, akadhani ni haya, kumbe ndiyo ile, wameibeba pamoja naye tangu Ruweida hajaota jino, na leo Ruweida yuko Tanga na wanawe… na kitu kinampanda kifuani, anakishika kwa mazoea kama anavyoshika kilio, kinamponyoka, kinatokea puani, si kilio, tangu wamfukie alikuwa akizirudia kumbukumbu zilezile kama mtu anayelamba sahani, akihofia zitakwisha, na hii hakuwa nayo, hii ni mpya, Moza kafa na bado ana jambo la kumwambia, amemwekea pale nje, barazani, vinywani mwa hawa, na ziko ngapi nyingine, wamekaa naye alasiri zote yeye akisahihisha madaftari, wanajua nini, Moza alifanyaje alipomwiga mumewe akiikosoa taarifa ya habari, aliwaambia nini siku ya posa, na yeye alitaka kuyajengea ukuta haya, kwa matofali mazuri, ya kuchagua… "Mwalimu?" Msellem bado kachuchumaa, mwiko bado uko hewani, saruji haijabadilika hata rangi, "Nauliza matofali," na wale ukili umewasimama mikononi, Safaa kajiuma mdomo, wanadhani kaudhika, na Mwalimu Himid anasafisha koo, anatafuta neno lenye maana moja tu.

"Ya kuirefushia baraza, fundi. Ifike mpaka kule kwenye mpapai. Naona wanabanana."

Kigelegele cha Safaa kinawarusha kuku. Msellem anasema basi mchanga hautoshi, na Bi Mwanakhamis, machozi yamemlenga mwenyewe, anafuta uso kwa pindo la kanga, "Ahsante, Mwalimu, Mungu akuzidishie, na sasa ondoka hapo mlangoni, mwanamme gani anasikiliza ya uani," naye anaondoka, anarudi ndani kwa adabu kama alivyoambiwa, mpaka nyuma ya mlango tu, asipoonekana, anaegemea ukuta, anazuia pumzi, anangoja waanze nyingine…