Mipaini ya Conjesta

Huko Matembwe mtoto akizaliwa, baba mwenye akili hukimbilia miche. Mzee Tarsis alipopata binti alimpandia mipaini kwenye mteremko nyuma ya nyumba, na Conjesta akakua akijua kwamba miti ile ni yake. Siku alipopata nafasi ya kusoma kompyuta chuo kikuu, wachana mbao walikuja na misumeno yao. Mteremko ukabaki visiki, ada ikalipwa, naye akarudi na digrii.

Kazi ndiyo haikuonekana. Sasa alikuwa Makambako, kwenye steshenari ya dada Telesia karibu na stendi, akitoa kopi na kuwachapia madereva wa malori barua zao. Huwezi kusema alikuwa na njaa. Alikuwa na hamu, nayo ni mbaya kuliko njaa kwa sababu haitulizwi na ugali. Alitamani kuandika programu yake mwenyewe, aione inafanya kazi, watu waitumie hata bila kumjua. Wateja wakipungua aliweka vidole juu ya kibodi akatulia tu. Telesia alidhani anasali.

Ndipo kampuni moja ndogo ya Njombe, inayowatengenezea wakulima mifumo ya kupokelea mazao, ikamwita kwenye usaili. Baba alipopigiwa simu akasema, "Basi mwanangu, ile miti haikuanguka bure."

Conjesta alifika Njombe amevaa sweta mbili kwa baridi ya huko. Msaili alikuwa kijana aitwaye Lenard. "Kamwene," alimsalimia kwa Kibena, lugha ya kwao, naye akaitikia "Kamwene," roho ikamtulia. Lenard akamwonyesha kompyuta na swali: andika programu ya kupokea kilo za chai za kila mkulima, itoe jumla, na imtambue aliyeandikishwa mara mbili. Akampa saa moja, akatoka.

Sasa sikia kosa lenyewe. Chuoni kwao wanafunzi walikuwa wengi kuliko kompyuta, kwa hiyo mitihani ya programu waliifanya kwa kalamu, mwalimu akisahihisha mabano na nukta kwa wino mwekundu. Conjesta alikuwa hodari wa mitihani hiyo, na mazoea yana taabu. Alifungua mkoba, akatoa kalamu na karatasi, akaandika kwa mwandiko mzuri ajabu. Lenard aliporudi, skrini ilikuwa tupu kama alivyoiacha.

Aliitazama skrini, akaitazama karatasi. Hakucheka. "Dada, umeandika kwa kalamu?"

"Ndivyo tulivyofundishwa." Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Hata mimi," alisema Lenard. "Nilihangaika sana kuacha."

Akavuta kiti, akaanza kuichapa ile karatasi mwenyewe. Programu ikagoma. Conjesta akanyoosha kidole mahali palipokosa bano, ikarekebishwa, ikakubali. Majina yakajipanga, jumla ikatoka, na mkulima aliyejiandikisha mara mbili akanaswa. Machozi yalimlengalenga. Kwa mara ya kwanza kitu alichokitoa kichwani kilikuwa kinafanya kazi, na vidole vilivyokiwasha havikuwa vyake.

"Naomba niibonyeze mimi," alisema.

Lenard akampisha. Akabonyeza, ikakubali. Akabonyeza tena, na tena, mpaka msailiwa mwingine akabisha hodi.

"Akili unayo," Lenard alisema bila kumtazama. "Ila tunataka mtu wa kuanza Jumatatu, na hapa hatuna wa kumfundisha."

"Nitajifunza haraka, kaka."

"Najua. Ndiyo maana inaniuma."

Alipofika Makambako simu iliita. "Wamekupa?" aliuliza baba.

Conjesta aliikwepa hapana. "Bado, baba. Wanasema kuna mambo sijafundishwa."

Mzee Tarsis hakuuliza mambo gani. Siku iliyofuata alipiga tena, anahema. "Mvua imeanza vizuri. Leo nimepanda mipaini, mteremko wote, katikati ya visiki."

"Ya nani, baba?"

"Yako. Si umesema hawajamaliza kukufundisha?"

Conjesta alijua mpaini unachukua muda gani kufikia msumeno. Baba yake alijua zaidi, na miguu yake ilikuwa imeshaanza kuvimba. "Asante, baba," alisema, kisha akamwomba asikate simu kwanza. Akakaa akimsikiliza anavyohema, na upepo wa Matembwe ukipita mahali ambapo bado hapakuwa na miti.