Injini ya Mshale

Kila Jumamosi asubuhi, kwa miaka thelathini na minne, fundi mmoja aliyeitwa Kabureta alikwenda kwa kaka yake kuwasha pikipiki ambayo hakuna aliyeipanda.

Jina hilo la utani alipewa utotoni kwa sababu ya pumu, maana alivuta hewa kwa mluzi kama kabureta iliyoziba. Baadaye alipoingia kwenye ufundi wa pikipiki, wateja walidhani jina limetokana na kazi, naye hakujisumbua kuwasahihisha. Kaka yake aliitwa Mshale. Hilo lilikuwa jina la sifa wakati anapewa, ila tangu alipovunjika shingo lilikuwa gumu kulitamka mbele yake bila kutazama pembeni.

Pikipiki yenyewe ilikuwa Yamaha RD ya cc mia tatu na hamsini, nyekundu, yenye silinda mbili na injini ya kizamani inayokula petroli iliyochanganywa na oili. Mshale aliinunua kwa mpima ardhi mmoja aliyekuwa anahama, akaiendesha kwa miaka mitatu, na mwezi wa nane baada ya kuoa akakuta mchanga wa ujenzi umemwagwa kwenye kona. Pikipiki iliteleza ikalala chini ya ukuta, tangi limekwaruzika na usukani umepinda kidogo. Mshale alilala hospitali miezi kumi na moja, akatoka akiwa na kichwa kinachofanya kazi, mkono mmoja unaosogea nusunusu, na basi.

Aliporudi nyumbani hakuomba kitu kingine ila pikipiki iwekwe chumbani mwake, kando ya dirisha, pale anapoweza kuiona akiwa amelazwa. Jumamosi Kabureta angeingiza mipira miwili mirefu kwenye eksozi, aipitishe dirishani ili moshi utoke nje, kisha apige kiki. Injini ikishika, Mshale alifumba macho. Dakika kumi, si zaidi. Halafu ndugu hao wawili wangezungumza habari za mtaani mpaka adhuhuri, na Kabureta angerudi karakanani kwake.

Shemeji, mke wa Mshale, ndiye aliyefanya mengine yote. Ndiye aliyemgeuza mara nne kwa siku asioze mgongo, akamlisha, akamwogesha, akamnyanyua kutoka kitandani hadi kwenye kiti na kutoka kiti hadi kitandani. Ujana wake uliishia ndani ya chumba hicho. Sasa alikuwa na miaka hamsini na minane na uti wa mgongo uliokwisha kabisa. Akiinama kuokota kijiko, ilibidi ashike ukuta ili ainuke.

Yeye ndiye aliyemwita mnunuzi. Hakumficha mumewe. Alimwambia wazi kwamba hawezi tena kumnyanyua peke yake, kwamba anahitaji mtu wa kulipwa wa kumsaidia, na kwamba kitu pekee chenye thamani ndani ya nyumba kimesimama pale dirishani. Siku ya tatu Mshale akasema sawa.

Mnunuzi alikuja Jumatano. Alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye kitochi na kioo kidogo cha mkononi kama cha daktari wa meno. Alieleza kwamba hanunui kwa ajili yake, anawatafutia wakusanyaji. Wengi wao, alisema, ni wanaume ambao ujanani walizitazama pikipiki hizi zikiwapita, na sasa wana fedha lakini magoti yanauma. Alizitaja kama mtu anayetaja wanawe: Honda za mwanzo za silinda nne, Kawasaki za silinda tatu zilizoogopwa, Suzuki za mashindano za miaka ya themanini, na hizi RD, ambazo zamani zilionekana vyuma vya vijana tu. Bei zilikuwa zinapanda kwa sababu nyingi ziliendeshwa mpaka zikafa. Zinazotafutwa ni zile ambazo hazikuguswa, zenye rangi yake ya kwanza, vyuma vyake vya kwanza, hata mikwaruzo yake.

Alipitisha kidole kwenye mikwaruzo ya tangi akasema haingefaa kuifuta. Mshale, kutoka kitandani, akacheka kidogo. Kabureta, aliyekuwa ameegemea mlango, alijua mama huyo atalala chini wakati wowote kuikagua injini.

Akalala chini kweli. Alimulika shingo ya fremu, akasoma namba kwa sauti, akaandika. Akahamia kwenye injini, akafuta uchafu kwa kitambaa, akamulika. Alikaa hapo muda mrefu. Alipoinuka alipangusa magoti kabla ya kusema.

Alisema namba hazilingani. Tena injini hiyo si ya mia tatu na hamsini. Ni ya ndugu mdogo wa RD hii, ya mia mbili na hamsini, ambayo kwa nje huwezi kuitofautisha. Kama injini yake ingekuwepo, angeweza kuzungumza bei ya kumwajiri mtu kwa miaka kadhaa. Kama ilivyo, angeichukua kwa ajili ya fremu na tangi, kwa bei ya miezi michache tu.

Shemeji aligeuka akamtazama Kabureta. Hakukuwa na mwingine wa kutazamwa, kwani mikono iliyoigusa pikipiki ile kwa miaka yote ilikuwa yake peke yake. Kabureta akasema, kwa sauti isiyokuwa yake, kwamba labda yule mpima ardhi ndiye aliyebadilisha kabla ya kuiuza.

"Ni kweli," Mshale akasema kitandani. "Ilikuja hivyo."

Kabureta aliondoka bila kunywa maji.

Siku mbili zilizofuata hakushika kazi ya maana. Alikaa katikati ya karakana yake akitazama kompresa ya upepo na mashine ya kuchomelea, vitu viwili vya kwanza alivyonunua maishani, ambavyo bado vilinguruma. Alivipata kwa injini ya kaka yake. Mwezi wa tano Mshale akiwa hospitali, madaktari waliwaita ndugu wakawaambia wajiandae, hafiki mwisho wa mwaka. Kabureta alijiandaa. Dereva mmoja wa mashindano alikuwa akiitafuta injini kama ile kwa udi na uvumba, na Kabureta akaifungua usiku mmoja akamwuzia. Alijiambia kwamba marehemu hatakuwa na kazi nayo. Marehemu akarudi nyumbani akiwa hai, na neno la kwanza alilosema ni kuulizia pikipiki. Kabureta alizunguka majalala yote ya vyuma wiki nzima hadi akapata injini ndogo ya kufanana, akaifunga, akaipaka rangi.

Jumamosi alifika kama kawaida, ila hakutoa mipira ya moshi. Alivuta kiti karibu na kitanda. Shemeji alikuwa nyuma anaanika mashuka. Kabureta akayasema yote, moja baada ya jingine, bila kujitetea, akivuta hewa kwa mluzi kati ya sentensi.

Mshale alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua," alisema. "Tangu Jumamosi ile ya kwanza. Yangu ilikuwa inakohoa mara mbili kabla ya kushika. Hii haikuwahi kukohoa."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeacha kuja."

Kabureta aliinamisha uso mikononi. Alisema alidhani kaka yake anakufa.

"Hata mimi nilidhani hivyo," Mshale akajibu. "Sikukulaumu kwa hilo. Nilikulaumu kwa kompresa. Ulikuwa ukinisimulia habari zake."

Walipoinua macho, Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na beseni tupu kiunoni. Alikuwa amesikia ya kutosha. Hakupaza sauti. Aliweka beseni chini, akashika ukuta ili anyooke, akamwambia shemeji yake kwamba mnunuzi alitoa wiki mbili. Kama ana uso wa kurudi humo ndani, aitafute injini hiyo popote ilipo.

Aliitafuta. Dereva wa mashindano alikuwa amekufa zamani, lakini alimpata binti yake, mwalimu, katika nyumba ya ghorofa upande wa pili wa mji. Binti aliikumbuka injini vizuri. Ilikaa miaka chini ya ngazi, mama yao akijigonga mguu kila siku, mpaka alipokuja mnunuzi wa vyuma chakavu. Kabureta akamfuata huyo naye. Mzee huyo hakuhitaji hata kufikiri. Aluminiamu ya miaka ile, alisema, yote ilikwenda kwa watu wanaoyeyusha na kumimina masufuria. Akamwonyesha kwa mkono mtaa mzima wa nyumba zinazopika, kama anayemwambia achague yoyote.

Pikipiki ikachukuliwa siku ya Alhamisi. Vijana wawili waliisukuma juu ya ubao hadi kwenye gari. Mnunuzi alikuwa muungwana. Aliingia kumuaga Mshale, akamwambia kwamba ingefungwa injini nyingine ya mia tatu na hamsini na ingeng'ara. Mshale akauliza kuhusu tangi. Mama yule akasema ukweli: kwa kuwa haikuwa kamili, hakukuwa na sababu ya kuacha mikwaruzo. Ingepakwa rangi upya.

Mshale akasema asante. Walipoondoka aliomba dirisha lifungwe.

Fedha zile zilimlipa msaidizi miezi mitatu. Zilipokwisha, Shemeji alimpigia Kabureta simu, akamwambia kwa maneno machache saa ambayo mtu hunyanyuliwa kutoka kitandani, na saa ambayo hurudishwa. Hakuuliza kama ana nafasi. Siku hiyohiyo Kabureta aliuza kompresa, akapunguza kazi, na tangu asubuhi iliyofuata akawa anafika alfajiri. Alikuwa hajawahi kumbeba kaka yake. Miaka yote ile alikuwa ameshika chuma kilicho hatua mbili kutoka kitandani, bila kujua kwamba mgongo ule ulikuwa mwepesi namna ile, wala kwamba ngozi ya visigino ilikuwa nyembamba kama karatasi ya sigara. Alijifunza kumgeuza. Alijifunza kumsafisha, jambo ambalo lilimtia Mshale aibu kuliko yote, na kwa hiyo walilifanya kimya.

Hawakuzungumza sana tena. Habari za mtaani zilikuwa zimekwisha, au zilikuwa zikiegemea kelele ile ya injini. Mara moja tu Mshale alimuuliza kama mikono yake imeanza kuuma. Kabureta akasema kidogo. Mshale akasema ya mke wake iliuma miaka thelathini na hakuna aliyemuuliza, hata yeye.

Kifua kilimbana Mshale katika majira ya baridi. Daktari alikuja mara mbili, na mara ya pili hakufungua mkoba. Mshale aliondoka duniani asubuhi moja, Kabureta akiwa amemwinua nusu kwenye mto ili apumue, akahisi uzito ukibadilika mikononi mwake, akaendelea kumshikilia hivyo kwa muda kwa sababu hakujua amlaze vipi.

Shemeji alikuwa amelala chumba cha pili. Siku hizo alikuwa akilala mpaka jua liingie dirishani, usingizi ambao hakuupata tangu awe bibi harusi. Kabureta alisimama mlangoni pake, mkono umeinuliwa kugonga. Akasikia anavyopumua. Akarudi, akavuta kiti, akakaa na kaka yake hadi mwanamke yule alipoamka mwenyewe.