Koo la Mtutu

Kwa Glenys Trewartha na mumewe Lyall, mke alipiga shabaha na mume alijaza risasi. Lyall alikaa kwenye gereji yao katika mji mdogo wa Kadina akipima baruti punje kwa punje, akiziingiza risasi kwenye maganda ya shaba kwa mashine yake ya mkono. Kila Jumamosi Glenys alilala kifudifudi kwenye uwanja wa shabaha na kuzipiga zote mahali pamoja, mbali kule ambako jicho tupu halioni ila kibao cheupe.

Kisha Lyall akaanza kusahau. Alitia chumvi kwenye chai, akaacha gari likinguruma barabarani na kurudi nyumbani kwa miguu. Majira hayo hayo risasi za Glenys zikaanza kutawanyika.

"Glenys, unalenga shabaha au unafukuza kasuku?" alimtania Barney, mwenzao wa klabu ya shabaha, mdomo umejaa pai.

Glenys hakucheka. Aliwaza jambo moja tu: mkono wa Lyall umekosea mizani. Baruti ikizidi, bunduki humpasukia mtu usoni. Akabeba mikebe ya baruti, mizani na mashine, akavifungia kabatini.

"Mimi sijakosea," Lyall alisema. "Itazame bunduki, mke wangu. Koo lake."

"Pumzika, Lyall. Umefanya kazi ya kutosha."

Akapumzika. Majira yote ya baridi yakapita akiwa sebuleni, mikono juu ya magoti, televisheni ikijisemea. Glenys alipiga risasi za kununua. Nazo zilitawanyika, lakini alijiambia za dukani ndivyo zilivyo.

Yalipokwisha, Glenys aliipeleka bunduki kwa fundi, Zvonko, amkazie skrubu iliyolegea, pamoja na risasi chache za Lyall zilizosalia. Zvonko alipitisha kamera nyembamba ndani ya mtutu.

"Dada, hebu njoo uone."

Pale mbele ya chumba cha risasi, chuma kilikuwa kimepasuka nyufa nyufa kama tope la bwawa lililokauka.

"Moto wa baruti umelila koo," Zvonko alisema. "Mifereji inayoishika risasi imeungua, imesogea mbele. Risasi inaruka pengo kabla ya kushikwa, na kila moja inaingia kivyake. Mtutu umekwisha huu." Akazipima risasi za Lyall moja moja. "Ila huyu aliyekujazia! Kila mara alizichomoza nje ya ganda kidogo zaidi, zilifuate koo linavyokimbia. Bila yeye ungeharibikiwa mapema sana. Ni nani?"

"Mume wangu."

"Mpe salamu zangu."

Glenys alisema atampa. Njiani, katikati ya mashamba ya shayiri, alingoja machozi kama mtu anavyongoja chafya. Hayakuja. Akasimama akanunua mkate.

Nyumbani alirudisha kila kitu gerejini, akamshika Lyall mkono, akamkalisha kwenye kiti chake.

"Ulisema kweli. Lilikuwa koo, si wewe. Nisamehe."

"Koo?" Lyall akapapasa shingo yake. "Haliniumi."

Alichukua ganda tupu, akaligeuza kwenye mwanga, akalisimamisha mezani taratibu. Akaugusa mkono wa mashine.

"Kitu kizuri hiki. Cha nani?"

"Chako."

"Aa," alisema kwa adabu, kama mgeni anayeonyeshwa picha za watu asiowajua.

Zvonko alifunga mtutu mpya. Glenys akajifunza kujaza mwenyewe, Lyall akiwa kando yake, wakati mwingine akimpa ganda, wakati mwingine akisinzia. Kazi ilimwendea polepole. Hakuifurahia wala haikumchosha.

Kwenye mashindano ya klabu risasi zake zilikaa pamoja. Barney alimpiga begani. "Haya, sema, nani kakujazia?"

"Mimi."

"Mwongo mkubwa we!"

Glenys alipokea mkono wa pongezi wa kila mtu, akaifuta bunduki, akaifunga kwenye mfuko wake. Lyall alikuwa kwenye gari, dirisha limefunguliwa, kofia mapajani.

"Umeshinda?"

"Nimekuwa wa tatu."

"Hongera, bibi," alisema. "Mumeo atafurahi."

Glenys alimfunga mkanda, akauvuta kuhakikisha umeshika, akawasha gari.